Mita Mia Tatu Kusini

Ofisini walimwita Bi Nukta, na yeye mwenyewe hakukumbuka tena nani alianza. Kazi yake ilikuwa kupokea nukta. Wapimaji walitoka asubuhi na vifaa vyao vya jipiesi vinavyosoma mahali kwa satelaiti, wakazunguka mitaani wakisimama mbele ya kila nyumba, kisima au nguzo ya umeme, na waliporudi walimletea walichokusanya: faili lenye safu za tarakimu, mstari mmoja kwa kila mahali waliposimama. Yeye aliliingiza faili hilo kwenye programu ya ramani, akaiambia safu ipi ni ya mashariki na ipi ya kaskazini, akabonyeza, na zile tarakimu zikageuka nukta, kila moja ikaketi mahali pake. Kwa anayeijua ni kazi ya dakika tano. Bi Nukta alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, baada ya stoo ya karatasi. Ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi, na siku kilipofungwa aliambiwa waziwazi kwamba ni kwa ajili ya mashine, asije akajidanganya. Wenzake waliingia kuchapisha karatasi kubwa, wakasema kumbe humu ndani kuna baridi namna hii, wakasugua mikono, wakaenda zao. Zilikuwapo siku alizofunga mlango jioni akagundua kwamba neno pekee lililomtoka tangu asubuhi ni "karibu".

Alipanga vyumba viwili ghorofa ya pili, na mkate alinunua nusu kwa sababu mzima uliota ukungu kabla hajaumaliza. Aliwahi kuchumbiwa, mambo yakafia njiani, naye hakuwa na hamu ya kuyafufua. Ndugu alikuwa naye mmoja tu, dada wa tumbo moja aliyemzidi miaka sita. Dada huyo alikuwa fundi cherehani na aliishi katika mji huohuo, mwendo wa saa moja kwa miguu. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na mmoja.

Kisa chao hakikuwa kirefu. Mama yao aliugua miaka minne, na dada ndiye aliyemuuguza katika nyumba ileile ya bondeni waliyozaliwa, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko kama mtoto. Mwaka wa mwisho Bi Nukta akapata nafasi ya kwenda mbali kujiendeleza katika ramani za kompyuta, miezi tisa. Mama alimwambia nenda. Dada hakusema nenda wala usiende. Mwezi wa nane wa masomo habari zikamfikia kwamba mama amezidiwa, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki moja. Bi Nukta akajiambia, mara ngapi mama amezidiwa akainuka? Akangoja mtihani. Alifika nyumbani siku mbili baada ya maziko. Dada alimpokea mlangoni, akamkabidhi ufunguo wa kabati ya mama achague nguo atakazo, kisha akamwuliza kama amefaulu. Akajibu amefaulu.

"Basi kaa na ramani zako," dada akasema, akaingia ndani.

Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Mwanzoni kila mmoja alingoja mwingine aanze, na miaka ilivyokwenda, kungoja kukawa ndiyo desturi yao.

Sasa ikaja habari ya barabara mpya. Ingepita bondeni, kandokando ya mto, na nyumba zilizokaa kwenye njia yake zingebomolewa. Wahandisi walikwisha kuleta mchoro wa njia hiyo, utepe mwekundu wenye upana wa mita sitini. Kilichobaki ni kujua nyumba zipi zimo ndani ya utepe. Mpimaji aliyepewa kazi, bwana mmoja mrefu asiyevua kofia hata ndani ya nyumba, alizunguka bondeni na mteremko wote kwa wiki tatu, akarudi na nyumba mia nne na kumi na mbili, kila moja na nambari yake, jina la mwenyewe na picha ya mlango. Faili akaliacha kwa Bi Nukta saa tisa alasiri, siku ambayo mtandao ulikuwa unasuasua tangu asubuhi.

Bi Nukta alilifungua, akalipitisha macho kutoka juu hadi chini kama kawaida yake. Kwenye mstari wa mia mbili sitini na saba akaliona jina la dada yake.

Alibonyeza picha kabla hajaamua kuibonyeza. Ulikuwa mlango wa kijani uliobambuka rangi, na pembeni mkono wa mtu umeshika fremu, futi ya kushonea imezungushwa kiganjani. Akadhani ni mkono wa mama. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni wa dada, ila umezeeka.

Aliifunga picha. Akaita dirisha la kuingizia nukta, akaonyesha mashariki, akaonyesha kaskazini. Dirisha likauliza swali la mwisho, lile la mfumo wa vipimo. Mahali pamoja pana tarakimu hizi katika mfumo wa zamani na tarakimu nyingine katika mfumo mpya, kama vile futi mbili zinazopimia nguo moja huku moja imekatwa ncha. Dirisha lilikuwa bado limeshika mfumo wa zamani, kwa sababu wiki iliyotangulia alikuwa akiingiza visima vya zamani. Akabonyeza sawa.

Picha ya angani haikufunguka kwa sababu ya mtandao. Kwenye kioo cheupe kulikuwa na nukta mia nne na kumi na mbili na utepe mwekundu, basi. Alikuwa na kanuni yake ya miaka yote: kila faili jipya, chagua nukta moja unayoijua kwa macho yako, hakikisha imekaa panapostahili. Siku hiyo aliitafuta nukta ya mia mbili sitini na saba, lakini hakuangalia imekaa wapi. Aliangalia kama imo ndani ya utepe. Haikuwamo. Ilikuwa nje kabisa, peke yake, salama.

Alitoa pumzi, akaiagiza programu iorodheshe nyumba zilizomo, zikatoka arobaini na moja, akazichapisha na kumpelekea mkuu wa kitengo. Jioni hiyo alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Alifikiri hata kwenda bondeni kumwambia dada kwamba barabara haitamgusa. Lakini angeanzaje? Angebisha hodi baada ya miaka kumi na mmoja, aseme nimekuja kukupa habari za barabara? Akakata kona, akanunua nusu mkate wake.

Wiki ya sita baada ya hapo, karani wa mapokezi alimletea mzee mmoja ambaye alikataa kuondoka. Alikuwa ameshika barua ndani ya mfuko wa nailoni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi. Bi Nukta akamkaribisha kiti. Mzee akasema yeye ni fundi viatu, anakaa juu mteremkoni, nyuma ya tangi la maji, na kwamba ameandikiwa ahame kupisha barabara. Kwenda bondeni kutoka kwake ni kushuka ngazi mpaka magoti yalie. Alikwisha kwenda kwa balozi wa mtaa, kwa diwani na kwa wapaka rangi waliomchorea alama ya X ukutani, na wote walimjibu kwamba kompyuta ndiyo imesema.

"Ndiyo nimekuja kwa kompyuta yenyewe," akasema.

Bi Nukta alikwisha kuwajibu watu wa namna hiyo kwa miaka, kwa maneno ya upole yasiyo na kitu ndani. Lakini mzee aliomba aonyeshwe tu, na siku hiyo mtandao ulikuwa mzuri. Akafungua ramani, akaandika nambari iliyokuwa kwenye barua. Picha ya angani ikajitandaza, mabati na vichochoro na mto wa rangi ya udongo, na nukta ya mzee ikawaka katikati.

"Hapo ni wapi, mama?"

"Ni..." Bi Nukta akasita. "Ni mtoni."

Mzee alisogeza uso hadi karibu na kioo. Hakucheka wala hakupaza sauti. Alisema kama anayemweleza mteja kwamba amekosea namba ya kiatu.

"Naona wamekosea kidogo. Mimi siishi majini."

Bi Nukta alimwomba aiache barua, ataliangalia jambo lake. Mzee akauliza arudi lini, akaambiwa wiki moja. Akasema yeye anaweza kungoja, ila jirani yake, mwanamke mjane, ameshaanza kung'oa mabati ili awahi kuyauza kabla tingatinga halijayakunja. Kisha akashukuru na kutoka, akaufunga mlango taratibu kwa sababu aliona kuna kiyoyozi.

Alipobaki peke yake, Bi Nukta aliivuta ramani hadi bonde lote likaonekana. Haikuhitaji utaalamu. Kulikuwa na nyumba kumi na tatu ndani ya mto. Kulikuwa na nyumba kwenye kiwanja cha mpira cha shule, zimejipanga kuanzia goli hadi goli. Na hakuna bati kwenye picha lililokuwa na nukta yake juu yake; nukta ya kila moja ilikuwa chini zaidi, umbali uleule, upande uleule. Akapima: mita mia tatu kusini. Akafungua faili la mpimaji, lile la awali. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya tarakimu zote, bwana wa kofia alikuwa ameandika: mfumo mpya.

Aliliingiza upya. Safari hii, dirisha lilipouliza, alichagua kama alivyoandikiwa. Nukta zikaruka zote kwa pamoja, kama kundi la ndege lililoshtuliwa, zikatua juu ya mabati, kila moja paani kwake. Fundi viatu akatua nyuma ya tangi la maji. Sasa ndani ya utepe walikuwamo thelathini na wanane, na hakuna kati yao aliyekuwa amepata barua yoyote. Nambari mia mbili sitini na saba ilikuwa katikati ya utepe. Alilitambua lile paa, banda la jiko lililoongezwa nyuma, na kile kipande cha uwanja alichokuwa akiruka kamba. Hakuna namna ambayo mpimaji au mhandisi au malaika angeweza kuupitisha utepe huo bila kuikata nyumba hiyo.

Siku hiyo hakufanya lolote. Kesho yake pia hakufanya. Alikaa mbele ya kioo akifungua ramani ya zamani na ramani mpya kwa zamu. Angeweza kumwondoa fundi viatu peke yake na kusema lilikuwa kosa la nambari moja. Hakuna ambaye angeuliza. Wazo hilo lilimjia kwa sauti ya upole, wala halikuonekana baya. Angeweza pia kumwongeza yule mjane, wakawa wawili. Kisha akaanza kuhesabu wengine, akaona anachokifanya, akazima mashine na kwenda kunawa uso.

Siku ya tatu asubuhi aliingia kwa mkuu wa kitengo akiwa na karatasi mbili. Mkuu alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, mtu wa taratibu, ambaye chai yake aliinywa kwa kifuniko cha chupa na si kikombe. Aliziangalia karatasi kwa muda mrefu. Akauliza ni nani aliyeingiza faili. Bi Nukta akasema ni yeye.

"Wewe? Na kile kitabia chako cha kukagua?"

Angeweza kusema mtandao. Mtandao ulikuwa mbovu kweli siku ile, na kila mtu ofisini angemtolea ushahidi.

"Nilikagua nyumba moja tu, mkuu. Ya dada yangu. Nilipoona imepona, nikafunga."

Mkuu akashusha kifuniko mezani. "Na sasa?"

"Sasa imo ndani."

Mkuu alivua miwani, akayafikicha macho. Kisha akamwambia, bila kumtazama, kwamba leo ni Alhamisi. Aende nyumbani akapumzike, afikirie, na ikiwa Jumatatu atakuja bila karatasi hizi, yeye atakuwa hajaziona. Hakuwa akimtega. Miaka kumi na tisa walikuwa wamefanya kazi pua na mdomo, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumfanyia wema ambao haukuwamo kwenye taratibu. Bi Nukta alitamani kuupokea. Akamweleza habari za yule mjane, jinsi alivyoanza kung'oa paa lake mwenyewe. Mkuu akavaa miwani, akachukua kalamu, akasaini.

Mambo yakaenda haraka kuliko ofisi hiyo ilivyozoea. Watu arobaini na mmoja wakaandikiwa kwamba barua za awali zimefutwa, bila maelezo. Barua mpya zikapangwa kutoka Jumatatu. Bi Nukta akapewa onyo la maandishi, kazi ya kuingiza nukta akapewa mtu mwingine, naye akahamishiwa stoo ya jirani kupanga ramani za karatasi za tangu enzi hizo, ambazo hakuna aliyezihitaji. Huko hakukuwa na kiyoyozi. Siku moja alimsikia fundi viatu kupitia ukuta: amekuja kutoa shukrani, na hakujua amshukuru nani, hivyo akaking'arisha kila kiatu cha karani wa mapokezi, bure, hapohapo ukumbini. Karani alicheka sana. Bi Nukta alibaki ameshika ramani iliyokunjwa, akingoja wamalize. Baadaye alipita mteremkoni mara moja. Kwa mjane, nusu ya paa ilikuwa bati na nusu turubai. Hakuwa na uso wa kubisha hodi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile, kabla barua mpya hazijatoka, alikwenda bondeni.

Alitembea. Saa nzima alipanga maneno, na alipofika kwenye mlango wa kijani yote yalikuwa yamemtoka. Ndani cherehani ilikuwa inakimbia. Akabisha. Cherehani ikanyamaza.

Dada alifungua, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Alikuwa amepungua. Hakushangaa kama Bi Nukta alivyotarajia, au kama alishangaa, alijua kujikaza.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia basi, usisimame kama mwenye deni."

Chumba kilikuwa kilekile, ila kilijaa vitambaa vya watu na sare za shule zilizoning'inia. Dada hakurudi kwenye cherehani wala hakuketi. Bi Nukta naye hakuketi. Akamweleza kila kitu akiwa wima: faili, mkono wake kwenye picha, dirisha, utepe, fundi viatu, mkuu. Hakujipamba wala hakujilaani. Dada alikuwa akikunja kipande cha kitambaa mara mbili, mara nne, mara nane, hadi kikakataa kukunjika tena.

"Kwa hiyo Jumatatu naletewa barua."

"Ndiyo."

"Na kama ungenyamaza?"

"Wangebomoa za wengine. Halafu siku ya kuja kupima barabara yenyewe wangegundua. Huenda wangeibomoa na hii. Huenda wangepindisha. Sijui, dada. Sitaki kukudanganya."

"Wengine hao unawajua?"

"Mmoja tu."

Dada akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Akakitupa kitambaa kwenye kiti.

"Mimi nilikaa humu nikamwona mama anaisha siku kwa siku," akasema. "Kila kitu chake kilichobaki ni hizi kuta. Wewe ulichelewa kumzika. Leo umewahi. Umewahi kuja kuniambia unazivunja." Akaangalia dirisha. "Nilidhani siku utakayokuja nitakuwa na la kusema. Sina. Umekula?"

Bi Nukta akasema amekula, japo hakuwa amekula. Alijua kwamba akiketi atalia, na kwamba dada hatapenda. Akauliza kama anaweza kuja Jumamosi ijayo kusaidia kufunga vitu. Dada akasema mlango haufungwi kwa komeo mchana.

Akaja Jumamosi hiyo na zilizofuata, miezi mitatu. Hawakuzungumza sana. Dada alitoa amri na Bi Nukta akatii: hicho kifunge kwa gazeti, hilo sanduku lisilaze. Mara nyingine saa mbili zilipita bila neno, na Bi Nukta alijikuta mpweke zaidi pale kuliko chumbani kwake, kwa sababu kwake hakukuwa na mtu wa kunyamaziwa naye. Alipendekeza mara moja kwamba dada ahamie kwake. Vyumba viwili vinatosha, na cherehani itakaa dirishani. Alikwisha kupima nafasi kwa futi. Dada akajibu kwamba atakwenda kwa binti yake, mji mwingine, safari ya siku nzima. Hakueleza sababu. Bi Nukta hakuwahi hata kumwona huyo binti tangu alipokuwa mtoto wa miaka tisa. Sasa aliambiwa ana mume na mtoto wa kunyonya.

Siku ya kuhama walibishana kwa mara ya kwanza, juu ya kitanda cha mama. Mlango ulikuwa umefanywa mwembamba zamani, na kitanda hakikutoka. Dada akataka kikatwe miguu. Bi Nukta akasema kifunguliwe skrubu. Dada akasema hakina skrubu, kilipigwa misumari na baba mwenyewe, wewe unajua nini. Wakakivuta huku na huku, wakakigeuza ubavu, kikakwama kabisa, kila mmoja upande wake wa mlango. Dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Bi Nukta akacheka naye bila kujua wanachekea nini. Kisha cheko likakatika, dada akajipangusa macho kwa kanga na kusema leteni msumeno. Mwenye lori akaleta.

Kabla lori halijaondoka walibadilishana namba za simu. Dada alipanda mbele, akakumbatia kichwa cha cherehani mapajani kwa kuwa hakuwaamini wapakiaji. Akasema, "Haya, mdogo wangu." Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Lori likawaka, na sauti yake ikameza neno jingine, kama lilikuwapo.

Tingatinga lilifika wiki ya pili, siku ya Jumatano. Bi Nukta aliomba ruhusa ya siku moja stoo, ikatolewa bila swali, maana hakuna aliyemhitaji. Alisimama na majirani wachache nyuma ya kamba. Walikuwa wakiangalia nyumba zao, si yake, na hakuna aliyemjua kuwa ni wa pale. Wabomoaji walipofika kwenye nyumba ya mlango wa kijani, simu ikalia mkobani.

"Wameanza?" dada akauliza. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia na mtu akimbembeleza.

"Sasa hivi."

"Wameanzia wapi?"

"Jikoni."

"Endelea."

Basi akaendelea. Akamwambia banda la jiko limelala lote kwa mkupuo mmoja, vumbi limefika hadi kwa jirani. Akamwambia sasa wanavuta paa, bati moja limenasa kwenye kucha za tingatinga na dereva anashuka kulinasua. Dada alikuwa akipumua tu. Ule ukuta wa mbele ukaenda na mlango wake. Ndani pakawa wazi kwa watu wote, chumba cha mama kikionekana kama meza iliyotolewa droo.

"Ukuta wa mama?"

"Bado umesimama."

"Rangi ya buluu inaonekana? Chini ya ile nyeupe?"

Bi Nukta akasogea hadi kwenye kamba. Mahali plasta ilipobanduka palikuwa na buluu kweli, kipande kikubwa cha umbo la sahani. Akasema inaonekana.

"Baba aliipaka," dada akasema. "Alivaa suruali yake ya kazini, ile nzuri, akaiharibu yote. Mama alimnunia siku mbili. Siku ya tatu akamwambia, angalau ungemalizia na dari."

"Sikujua."

"Ungejulia wapi? Hukuwa umezaliwa."

Dereva alirudi kitini. Tingatinga likarudi nyuma kidogo, likajipanga. Bi Nukta akasema, "Dada, sasa wanakuja upande wake," na kelele za mashine zikawa kubwa asiweze kusikia kama amejibiwa. Ukuta haukuanguka mara moja. Uliinama kwanza, ukakaa hivyo umeinama, kisha ukashuka ndani ya vumbi lake wenyewe.

"Umeshuka," akasema.

Aliibana simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole. Hakukuwa na mtoto tena wala pumzi. Aliitazama: imekatika. Hakujua kama ni mtandao au salio, au kama ni dada aliyekata, wala kama alikuwa ameisikia ile habari ya mwisho. Hakupiga. Alisimama na simu mkononi akingoja ilie, vumbi likimtua mabegani, mpaka msimamizi akaja kumwomba kwa adabu arudi nyuma hatua chache, maana walitaka kufikia nyumba inayofuata.